Mutoto wa Pili wa Mama wa Chini

Bajukuu bangu banasema koko yao, njo mimi nyanya yao, anaongea Kinande kuliko bazee baliozaliwa hapa. Banafikiri niliipenda ile luga. Sikuipenda. Nilijifunza kwa hasira, na jembe mukononi, kwa mwanamuke mumoja asiyenipenda na mimi sikumupenda. Ninaandika ili baache kunizulia mambo ya upole kila Noeli. Nilisoma kidogo tu kwa ba masera ba misioni, donc musitafute hapa maneno ya ba maître ba masomo.

Tulifika Butembo nyuma ya dipanda, ile uhuru yenye batu balikuwa bado banaiimba ku barabara. Tulikuwa batatu: mimi, bwana yangu, na binti yetu aliyekuwa anaanza kutembea. Bwana alikuwa kalani wa biro. Serikali ilimutoa kwetu, ku mto kubwa, ikamutupa huku ku milima yenye baridi, kwenye ukungu inaingia mu nyumba bila kubisha. Kwetu tunaongea Lingala. Sikuwa nimewaza kama luga ya mutu inaweza kunuka mu pua ya batu bengine.

Siku ya kwanza ku soko nilisimama mbele ya mama mumoja wa Musienene aliyetandika viazi na maharagi chini. Nikauliza bei mu Lingala. Akavuta kikwembe, akafunika kitunga yake. Wa pembeni akafunika. Wa nyuma yake akafunika. Ilikuwa kama mvua imekuja, mais ile mvua ilikuwa mimi.

"Imekwisha," yule wa Musienene akasema mu Swahili.

"Mama, viazi ninaviona."

"Unaona vibaya."

Nilirudi na kitunga mutupu. Bwana akanielezea, akiwa anakula mukate ya jana: kwa hawa batu Lingala ni kinywa ya soda, yule askari wa serikali. Soda anafika na bunduki, anaomba kuku mu Lingala, na mutu akikataa anapigwa. Nikamuambia mimi sijaomba kuku ya mutu. Akasema nijifunze Swahili. Nikajifunza, haikuchukua muda, sababu Swahili ilikuwa mu biro, mu duka, ku misa, kila pahali. Mais bamama banaoshuka ku milima na chakula, Swahili yao ilikuwa ya kukataa tu. Imekwisha. Hakuna. Pita. Kile balikuwa banaongea kati yao, bakinitazama na kucheka, kilikuwa Kinande.

Nyumba yetu ya serikali ilikuwa juu. Chini yake, kwenye kilima inashuka, kulikuwa lupango, nyumba na kiwanja yake, ya mwanamuke mukulima. Bwana yake alikuwa anatafuta zahabu kule Manguredjipa, anarudi akitaka. Nilimuita Mama wa Chini, na mupaka leo njo jina yake kwangu. Yee aliniita bibi ya soda. Nikamuambia bwana yangu ni kalani, hajagusa bunduki hata siku moja.

"Kalani njo anaandika kuku," akasema, "soda njo anachukua."

Mama wa Chini alikuwa na mabinti babili, mukubwa aliyekuwa anajua kulea, na kadogo kalikokuwa bado ku mugongo. Binti yangu alikuwa kati yao kwa umri, akabafuata kama kuku. Asubui anashuka na Lingala yangu mu kinywa, mangaribi anapanda na Kinande. Nilimuacha, sababu nilikuwa na kazi, na mutoto anayecheza mbali hasumbui.

Siku moja alipanda akasimama mbele yangu, akaomba kitu. Sikusikia neno hata moja. Nikamupa ndizi, akaitupa. Nikamupa bugali, akalia. Nikamuonyesha kila kitu mu nyumba, naye analia na kurudilia lile neno moja. Mwisho akajishusha mwenyewe mupaka chini. Nikatoka ku mulango nikatazama. Mama wa Chini alikuwa anamushikia kibuyu. Ilikuwa mayi. Mutoto yangu aliomba mayi mu nyumba yangu, akaenda kunywa kwa mutu mwengine.

Nikashuka ile saa ile. Nilimukuta anachambua maharagi.

"Nataka unifundishe luga yako."

"Juu ya nini?"

"Mutoto ananiomba vitu sivijui."

"Basi umupe vyote."

"Sifanyi muchezo."

"Hata mimi." Akatazama mikono yangu, upande huu na upande huu. "Uko na jembe?"

"Sina."

"Serikali haina jembe," akasema, kama vile anamuambia mutu mwengine. "Kesho nitakupa yangu ya zamani. Hapana kuja na viatu."

Nikaenda bila viatu. Ile shamba yake ya maharagi ilikuwa ya kusimama kama ukuta; ukiachilia jembe, utaikuta ku muto. Nikafika, nikasema jambo, nikainama nilime. Akanishika bega.

"Rudi ku njia," akasema. "Uje tena, uje kama mutu."

Ilikuwa hivi: kwetu tunasalimia na kupita. Kwao, mutu hapana kuingia mu shamba ya mwenzake bila kusema wabukire, ile salamu yao ya asubui, kisha anauliza nyumba imelalaje, batoto, mbuzi, mama yako aliye mbali, na anangojea jibu ya kila kitu. Mimi nilikuwa nimeishi pale musimu muzima nikipita karibu yao na kichwa juu. Mbele ya ba jirani bote balikuwa bananitazama na jembe zao zimesimama, nilipanda ku njia, nikashuka, nikasalimia. Nilikosea. Akanirudisha tena. Nilishuka ile kilima mupaka jasho ikaingia mu macho. Binti yake mukubwa alikuwa anacheka, na binti yangu pia, akiwa amemushika mukono.

Vile njo nilijifunza. Mu ile shamba hakuongea nami Swahili. Nikisema vibaya, alikuwa analima tu kama vile jiwe limepiga kelele. Nikisema vizuri, alikuwa anajibu, hakuna zaidi. Matusi nilijua mbele ya majina ya vyakula. Ku soko nilianza kusikia mambo yenye bamama balikuwa banasema juu yangu: makalio yangu, bwana yangu anayetembea kama bata, mutoto yangu asiye na mwenyewe. Ile ya mwisho niliisikia mara mingi. Nilinyamaza nikasikiliza, na hakuna aliyejua kama nasikia.

Juu mu shamba, karibu na migomba, kulikuwa kipande kidogo cha udongo ambacho hakuna aliyekilima. Nilidhani ni uvivu. Siku moja nikapeleka jembe pale. Mama wa Chini alikuja mbio, akaishika jembe kwa upande wa chuma.

"Hapana pale."

"Juu ya nini? Udongo ni muzuri."

Hakuachilia ile chuma. Lazima nielezee kitu kwanza, sababu musomaji wa mbali hajui. Hawa batu habatafuti jina ya mutoto. Jina inamungojea. Binti wa kwanza ana jina yake, wa pili yake, wa tatu yake, na banaume vile vile. Ukisikia tu jina, unajua mutu amezaliwa wa ngapi kwa mama yake. Nilikuwa nimekwisha kujifunza yote, na kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua.

"Kadogo yako," nikamuuliza, "unakaita jina ya binti wa tatu. Mimi ninaona babili tu."

Akaonyesha kile kipande kwa kidevu. "Wa pili iko pale. Surua."

"Si ungempa kadogo ile jina? Ingerudi mu nyumba."

Akanitazama kama vile nimetema mate mu chungu yake.

"Na yule mwenye jina," akasema, "atakaa wapi?"

Tulilima mupaka mvua.

Kisha baasi, bale balioinuka juu ya serikali, bakafika. Tuliwasikia mbele ya kubaona: biro imefungwa, maître mumoja amepigwa, batu ba serikali banatafutwa nyumba kwa nyumba, zaidi bale banaoongea Lingala. Bwana yangu alivua tai na viatu, akaingia mu pori pamoja na makalani bengine, bakaelekea upande wa Beni. Aliniambia banatafuta banaume, bibi na batoto habatabagusa. Banaume banapenda kusema vile bakiwa banakimbia. Kesho yake tukapata habari kama kule chini ku barabara balichukua bibi ya kalani mumoja na batoto bake.

Mama wa Chini alipanda kwangu. Hajawahi kuvuka ule mulango. Akatazama viti, akatazama picha ya arusi, akatazama robe yangu.

"Vua ile," akasema, akanitupia kikwembe yake ya shamba. "Leta mutoto."

"Juu ya nini unanisaidia?"

"Nyumba yako bakiichoma, moto itashuka ku maharagi yangu."

Nikavaa ile kikwembe. Ilikuwa inanuka moshi na mbuzi. Tukashuka, tukashika jembe, na jua ilikuwa bado haijapanda sana balipotokea ku njia. Bamoja balikuwa bageni, na majani ku kichwa na mikuki. Mais aliyetangulia alikuwa kijana wa huku huku, Munande, na yee njo niliogopa. Bale bageni bangedanganywa. Huyu alijua kwenye kuuliza.

Akasalimia vizuri, alilelewa. Kisha akasema: "Tunatafuta Bangala ba ile nyumba ya juu."

"Balikwenda," Mama wa Chini akajibu. "Hata aksanti habakusema."

"Hawa ni batoto bako?"

"Unaona ni ba nani?"

Kijana akaonyesha mukubwa. Mama wa Chini akasema jina yake, ile ya binti wa kwanza. Akaonyesha kadogo ka ku mugongo. Akasema ile ya wa tatu. Kijana akatabasamu kidogo, sababu mutu anayeficha mutoto wa mwengine njo hapo anaangukia: majina lazima ifuatane.

"Na huyu wa katikati?"

"Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna nani? Wee ulizaliwa wapi, hujui kuhesabu?"

Benzake bakacheka, yee hakucheka. Akachuchumaa mbele ya binti yangu, mukuki imelala ku magoti.

"Wee ni nani?"

Mimi nilikuwa nimempa binti yangu jina ya mama yangu. Mu ile milima yote hakuna mutu alikuwa na jina kama ile, ni jina ya mto kubwa, hata kiziwi angejua. Akiitaja, tumekwisha, sisi na Mama wa Chini pamoja na batoto bake. Nilikamata muti ya jembe. Nilikuwa nimewaza nitampiga nani kwanza.

Mutoto alikuwa na kamasi mu pua, anatazama ule mukuki. Hakunitazama. Hakumutazama Mama wa Chini. Akasema jina ya binti wa pili, upesi upesi, kama mutu anayejibu baliomuita kula.

"Na mama yako iko wapi?"

Akaonyesha Mama wa Chini.

Kijana akasimama, akageukia mimi. "Na huyu?"

"Bibi ya mudogo wa bwana yangu," Mama wa Chini akajibu. "Anatoka Manguredjipa."

Akaniambia wabukire. Nikamujibu. Nikamuuliza nyumba imelalaje, nikamuuliza batoto, nikamuuliza mbuzi, nikamuuliza mama yake aliye mbali, moja kwa moja, nikingojea kila jibu. Akalazimika kujibu yote, sababu ya malezi. Benzake bakaanza kuchoka.

"Mbona anaongea vile?" akauliza.

"Ni batu ba Manguredjipa," Mama wa Chini akasema. "Banaongea kama bugali ya moto iko mu kinywa."

Bakachukua kuku moja na kichane ya ndizi, bakapanda kwangu. Tuliwasikia banavunja viti.

Mukisoma mupaka hapa, mutasema nilimushukuru. Nilitaka kushukuru. Mais mutoto wa umri ile hawezi kujifunza uongo kwa asubui moja, na asubui ile hakuna aliyemufundisha kitu, nilikuwa pale. Alijibu jina yake. Ilikuwa jina yake tangu zamani, kule chini, nyuma ya mugongo yangu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini?"

"Unamuita vile."

"Leo imekuokoa."

"Sikuuliza leo."

Akapangusa jembe yake kwa kidole. "Tangu ile siku aliomba mayi," akasema. "Inama ulime. Bako juu banatuona."

Nikainama nikalima. Hapo mbele yangu, karibu na migomba, kile kipande chenye hakuna mutu analima kilikuwa na majani mapya.

Basoda ba serikali bakarudi nyuma ya musimu ile, na Lingala yao. Bakaingia mu lupango ya Mama wa Chini, bakamufunga mikono, bakasema alilisha baasi. Nikashuka mbio, nikaongea nao mu luga ya mama yangu, nikamuambia mukubwa wao kama kuku, baasi balichukua kwa nguvu. Bakamufungua. Bakaacha mbuzi, isipokuwa moja nyekundu. Kwao aksanti ni wasingya. Ni neno ndogo, haichoshi kinywa. Hakuisema. Alisugua mikono, akasema: "Ungeshuka mbio kidogo, bangeacha na ile nyekundu."

Bwana yangu akarudi amekonda. Akamuita binti yake kwa jina ya mama yangu, mutoto akatazama nyuma kuona anaitwa nani. Nikashuka tena kwa Mama wa Chini.

"Rudisha mutoto yangu."

"Iko kwako, analala kwako."

"Utoe ile jina."

"Mimi nilitia. Kutoa, jaribu wee."

Nilijaribu. Nilikataza kushuka, akashuka. Nilikataza Kinande mu nyumba, na mimi mwenyewe nikajisikia namukaripia mu Kinande, sababu matusi mazuri nilikuwa nayo mu ile luga. Na Mama wa Chini hatukusalimiana tena. Mu ile milima, batu babili banaolima karibu bila kusalimiana, kila mutu anajua. Ku soko bamama sasa balikuwa bananiuzia viazi, sababu nilibajibu, mais balikuwa bananiuliza mbele ya bote: "Mama ya wa pili iko salama?" Na ile "mama" haikuwa mimi.

Balipomuhamisha bwana yangu Beni, nilifurahi. Nilifunga vitu mbele ya bwana kumaliza kusema. Binti alilia ku camion mupaka sauti ikakwisha. Beni kuna joto, kuna miti kubwa, kuna batu ba kila luga, nikawaza pale itamutoka. Mimi nikimuita kwa jina ya mama yangu, alikuwa anaitika, sababu alikuwa na heshima. Mais mutu akimuuliza, ku masomo, ku misa, ku soko, alisema ile ya binti wa pili. Nyuma yake nilizaa banaume tu. Donc kila mutu wa Beni aliniuliza kwa huruma, binti yako wa kwanza alikufa na nini. Nilijibu sijafiwa na mutu. Habakuniamini.

Akakua. Akachumbiwa na kijana wa Mutwanga, wa pale chini ya milima ya barafu, batu ba kulima kahawa. Bakaleta mbuzi siku ya posa, na moja yao, kwa desturi, ni ya mama ya binti. Tukakaa mu lupango yetu, bao upande yao, sisi upande yetu. Camion ya Butembo ikasimama ku barabara, na nani anashuka, amezeeka, na fimbo, na kikwembe mupya? Mimi sikumualika. Binti yangu alimualika. Akaingia, akasalimia wazee vile inapasa, salamu ndefu yote. Akaja kuketi ku mukeka ya bamama, kando yangu, kama vile tumeachana jana.

"Umenona," akaniambia.

"Wee umekauka," nikamujibu.

Kisha muzee wa upande ya Mutwanga akasimama, akauliza, vile kwao banauliza: huyu binti ni wa ngapi kwa mama yake? Mama njo anajibu.

Ile jibu nilikuwa nimeingojea tangu ile siku ya mukuki. Kusema tu "wa kwanza", mbele ya wazee ba pande mbili, na ile jina ya Butembo inakufa pale pale. Mutu hawezi kuolewa na jina isiyofuatana na mahali pake. Nikamutazama Mama wa Chini. Nilingojea afungue kinywa adai. Kama angedai, ningesema. Alikuwa anatazama mukeka, na mikono yake, ile ya jembe, ilikuwa imelala juu ya fimbo. Hakuniomba kitu.

Binti yangu alikuwa amesimama ku mulango. Yee alinitazama.

Nikasema mu Kinande, kwa sauti ya kusikika mupaka ku barabara: "Kwangu ni wa kwanza. Kwa huyu ni wa pili. Mbuzi ya mama mutatoa mbili."

Upande ya Mutwanga bakaanza kunungunika. Muzee wao akauliza nyumba gani inakuwa na mama babili bakiwa bazima. Nikamuambia kama mbuzi ni nzito, barudi nayo, njia ya Mutwanga baliiona asubui. Bakazungumuza kati yao. Bakatoa.

Mama wa Chini akanikaribia ku sikio. "Miaka yote hii," akasema, "na bado unaongea kama mutu wa Manguredjipa."

Bakaniambia nichague yangu, yenye itabaki itakuwa yake. Nilichagua ile kubwa, ya nyeusi. Yake ilikuwa na pembe moja imevunjika. Akaizunguka, akaishika meno, akaishika mugongo, akauliza, wazee bote bakisikia, kama kule Mutwanga mbuzi nzima ilikwisha. Nikamuambia aifunge kamba mbio, camion ya Butembo haingojei mutu.